Karoti isiishie sokoni: vyakula vinne vyepesi vya kupika nyumbani



Hapa Bungulu tunasikia mara nyingi neno hili: «Karoti ni ya kuuzisha, siyo ya kula.» Tunalielewa. Franka za mboga zinalipa masomo, dawa na sabuni. Tena, tangu vita vilipozuia familia nyingi za Beni kufika kwenye mashamba ya mbali, kila kilo imekuwa na bei yake. Lakini kama mboga zote zinaenda sokoni na mtoto anabaki na bugali peke yake kila siku, tumbo linajaa na mwili unabaki na njaa. Pesa ya mboga inaweza kurudia kwenye santé.

Karoti inampa mtu vitamini A. Mtoto anayekosa vitamini hiyo anashindwa kuona vizuri jioni, na magonjwa yanamshika upesi. Lengalenga, sombe, malenge na viazi vitamu vya rangi ya machungwa vinayo pia. Vitamini hiyo inapita mwilini vizuri kama kuna mafuta kidogo ndani ya chakula. Mafuta yetu ya ngazi, yale mekundu, yenyewe yanayo. Basi usiyachome mpaka yageuke meupe: ukifanya vile, vitamini inakufa.

Tutumie karoti gani?

Karoti nyingi tunazoziona kwenye soko la Kilokwa zinatoka juu, upande wa Lubero na Butembo, kwenye baridi. Huku kwetu Beni kuna joto, karoti inakuwa ndogo, lakini inakulika vizuri. Wakati wa kupanga mboga za kuuzisha, weka pembeni zile zenye kupindama, zenye miguu miwili, au zenye kupasuka. Mnunuzi anazikataa au anazishusha bei, lakini utamu wake ni ule ule. Hizo ni za nyumbani. Kata tu sehemu ya kijani ya juu, na tupa zile zenye kuoza.

Ukizivuna, kata majani mara moja, kwani yanavuta maji ya karoti na inalegea. Zifukie katika mchanga wenye unyevu kidogo, fasi ya kivuli: zitakaa siku nyingi.

1. Maharagi na karoti (watu sita)

Loweka vikombe viwili vya maharagi usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, weka mapya, uyachemshe mpaka yaive. Maharagi yaliyolowekwa yanaiva upesi, na makala yanabaki. Kaanga kitunguu na nyanya mbili katika vijiko viwili vya mafuta ya ngazi, utie karoti nne za kukatakata, kisha umimine ndani ya maharagi. Dakika kumi tu, na chumvi. Kama kuna puaro, itie mwishoni.

2. Chungu kimoja cha ndizi

Menya ndizi za kupika, uzikate, uzipange ndani ya sufuria pamoja na karoti tatu, kitunguu, nyanya na ndakala zilizooshwa. Weka maji ya kufikia nusu ya chakula, funika. Ndizi zikianza kulainika, tia fungu la lengalenga na mafuta kidogo, ufunike tena dakika tano. Mbabula moja, sufuria moja, hakuna maji ya kumwaga. Hakuna ndizi? Viazi vinafaa vile vile.

3. Shu na karoti ya haraka

Kata shu nyembamba, kata karoti kama vijiti. Kaanga kitunguu, tia karoti kwanza, dakika tatu, kisha shu. Geuza-geuza dakika tano, tia chumvi, epua. Mboga ibaki na rangi yake. Ikipikwa mpaka igeuke kahawia, imepoteza nguvu nyingi. Inakulwa na bugali au wali.

4. Uji wa mtoto (kuanzia miezi sita)

Mbele ya miezi sita mtoto anyonye tu. Kisha, chemsha karoti moja mpaka ilainike, uiponde vizuri kwa uma. Koroga uji wa mahindi, tia karoti ile na kijiko cha karanga zilizosagwa laini kabisa. Usiache kipande kigumu cha karoti wala punje ya karanga: vinaweza kumkaba mtoto.

Mambo ya kukumbuka

Nawa mikono kwa sabuni mbele ya kupika. Tulijifunza wakati wa Ebola, tusisahau. Osha mboga nzima-nzima ndipo uikate, siyo kinyume. Funika sufuria. Maji ya kuchemshia karoti usiyamwage, yatie katika mchuzi. Na sombe isipikwe haraka kama shu: itwange vizuri na uichemshe muda mrefu bila kifuniko, juu sumu ya muhogo itoke.

Kwa mwenye kiwanja kidogo: lengalenga inapandwa hata ndani ya gunia lenye udongo na mbolea ya mifugo, na majuma matatu au manne yakipita unaanza kuchuma. Karoti inataka udongo laini, wa kina, usio na mawe. Inachukua karibu miezi mitatu. Ipande fasi yake moja kwa moja, usiihamishe.

Baba, kazi hii siyo ya mama peke yake. Siku ya kuvuna, mbele gunia halijafungwa, mkubaliane wawili: hizi za soko, hizi za sufuria. Karoti sita za kupindama hazitapunguza sana pesa ya gunia, lakini jioni ile nyumba nzima itakula vizuri.

Kwenye mkutano unaokuja, kila memba atuambie alipika nini, na watoto walisema nini.