Kutengeneza Sanduku la Mbao la Kuhifadhia Zana za Uchongaji

Swali: Una bobari na patasi 12 za kuchongea. Eleza jinsi utakavyotengeneza sanduku la mbao la kuzihifadhi. Toa sababu ya kila hatua.

Watahiniwa wengi hulijibu swali la aina hii kwa kukimbilia mbao: kupima, kukata, kugongelea misumari, kupiga msasa, kupaka vanishi. Hatua zenyewe si mbaya, ila hilo ni sanduku la kitu chochote, hata viatu. Neno linalobeba swali ni "kuzihifadhi". Kinachohifadhiwa katika bobari ni makali yake. Mpini ukivunjika utachongwa mwingine mchana mmoja, lakini makali yaliyogongana na chuma kingine hutoka pengo, na kila unapoisukuma bobari hiyo kwenye mbao, pengo huacha mstari ulioinuka. Huwezi kuufuta kwa msasa bila kuharibu umbo ulilochonga. Dawa ni kusaga makali yote mpaka pengo liishe, na kazi hiyo hula muda.

Mwanafunzi mmoja niliyemfundisha alibeba zana zake ndani ya kopo la maziwa, makali chini. Siku ya jaribio la vitendo alitumia saa nzima ya kwanza kwenye kinoo wakati wenzake wakichonga. Kazi yake ilikuwa nzuri, lakini haikuisha. Wachongaji wa mpingo, kama wale wa Mwenge jijini Dar es Salaam, hawahitaji kuambiwa jambo hili. Mpingo ni mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini, nao peke yake unatosha kuchosha makali.

Basi anza na zana, si mbao. Zipange mezani, upime iliyo ndefu kuliko zote na mpini ulio mnene kuliko yote. Tuseme ndefu ina mm 260 na mpini mnene una kipenyo cha mm 25. Acha mm 15 mbele ya makali na mm 15 nyuma ya mpini, upate nafasi ya mm 290. Kwa upana, kila zana ipewe mm 30 ili vidole vipite. Zana sita zitachukua mm 180. Sita nyingine zitakaa kwenye trei ya juu, kwa sababu sanduku la kuweka zote 12 safu moja lingekuwa pana mno kubeba.

Sasa vipimo vya sanduku vinajitokeza vyenyewe. Kwa mbao za unene wa mm 15, sanduku lenye urefu wa nje mm 400 na upana wa nje mm 220 litakuwa na nafasi ya ndani ya mm 370 kwa mm 190. Urefu unaobaki ni mm 80. Weka kigawanyi cha mm 15, na mm 65 zinazosalia zitatosha kinoo cha upana wa mm 50 kilicholazwa kukingama. Kinoo kikaushwe kabla ya kurudishwa. Kinoo chenye maji ndani ya sanduku lililofungwa hutia zana kutu, na kwa wanaoishi pwani, ambako hewa ina chumvi, kutu huanza mapema zaidi.

Pembe za sanduku zinahitaji kiungo kinachohimili uzito wa chuma. Kugonganisha mbao mbili na kupiga misumari ni udhaifu, maana gundi haishiki vizuri kwenye ncha ya ubao, mahali nyuzi zilipokatwa. Kiungo chenye meno yanayopanuka kama mkia wa njiwa ndicho imara zaidi, lakini kwa muda wa mtihani wa vitendo ningekushauri mkato wa ngazi: kwenye kila mwisho wa ubao mrefu, punguza upana wa mm 15 kwa kina cha mm 8, ili ubao mfupi uingie humo. Hapa ndipo hesabu huwaponyoka wengi. Ubao mfupi hauwi mm 190, kwa kuwa unaingia ndani ya ngazi pande zote mbili. Unene uliobaki kwenye kila ubao mrefu ni mm 7, hivyo ubao mfupi ni 220 − (2 × 7) = mm 206. Ukikata mm 190, ubao hautajaza ngazi, na huwezi kuurefusha.

Unganisha kwanza bila gundi. Kisha paka gundi nyeupe ya mbao, kaza kwa vibanio, na pima ulalo wa pembe kwa pembe mara mbili. Vipimo viwili vikilingana, sanduku liko mraba. Visipolingana, bana taratibu kwenye ulalo mrefu kabla gundi haijashika. Liache siku nzima. Kitako kiwe plaiwudi ya mm 6, yenye gundi na skurubu.

Kifuniko kina kanuni tofauti, na mtahini hupenda kuuliza kwa nini. Ubao mzima hutanuka na kusinyaa kwa upana unapopata na kupoteza unyevu, lakini kwa urefu karibu haubadiliki. Ukiubana kila upande kwa gundi wakati wa masika, utapasuka kiangazi. Plaiwudi haina tatizo hilo kwa sababu nyuzi za tabaka zake hukingamana. Kwa hiyo kifuniko cha ubao mzima kitiwe papi mbili chini yake, zikikingama nyuzi. Skurubu ya katikati ikazwe, na zile za pembeni zipite kwenye matundu marefu kidogo yaliyotobolewa katika papi, ili ubao usogee bila kupasuka wala kupinda. Kisha funga bawaba mbili na komeo.

Zinabaki papi za kulazia zana, na hapa kuna njia rahisi. Chukua kipande chenye urefu wa mm 190 na upana wa mm 40. Kwenye mstari wa katikati toboa kwa keekee matundu sita ya mm 20: la kwanza mm 20 kutoka mwisho, na kila linalofuata mm 30 mbele. Pasua kipande kwa msumeno kupitia katikati ya matundu. Utapata papi mbili zenye mikato sita ya nusu duara inayolingana kabisa. Moja ishike shingo za zana, nyingine mipini, makali yakibaki hewani yakielekea kigawanyi. Rudia hivyo kwa trei ya juu. Chini ya trei na chini ya kifuniko gundisha ukanda wa ngozi au mpira unaokandamiza mipini, vinginevyo zana zitateleza njiani.

Kishikio kiwekwe juu ya kifuniko, si ubavuni. Nimeona masanduku mazuri yenye kishikio mwishoni kama begi la safari: ukilinyanyua linasimama wima, na zana zote zinashuka kwa makali. Kabla ya kufunga, futa kila chuma kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya mashine. Nyundo ya mbao ibebwe kando.

Jipime: Zana yako ndefu ina mm 300 badala ya 260, na kinoo ni kilekile chenye nafasi ileile. Tafuta urefu mpya wa nje wa sanduku, kisha ueleze kwa nini urefu wa ubao mfupi haubadiliki.