Nyenzo za Elimu ni Mali ya Nani?
Machi 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, Serikali ilifunga shule na vyuo. Vyuo vikafunguliwa Juni 1. Nchini Kenya vyuo vikuu kadhaa viliendelea kufundisha kwa intaneti, na wapo wasomi waliosema sisi tumelala. Sisi tunauliza: nyenzo za somo hilo ni mali ya nani?

Pale Mlimani, mtoto wa mkulima wa Genkuru hukaa benchi moja na mtoto wa mkurugenzi. Ubao ni mmoja, taa inalipiwa na umma. Darasa likihamia kwenye kompyuta, gharama humhamia mzazi: huyu ana mshahara, yule auze ng'ombe. Matabaka yanarudi darasani, wala hakuna sheria iliyobadilishwa.

Hatupingi mitambo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifikia watu wapatao milioni 2 kwa redio; lakini redio ilisikilizwa kikundi kizima, penye kitabu na kiongozi aliyeandaliwa. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, nacho kina vituo mikoani. Kutoka Genkuru hadi Musoma, hata hivyo, ni safari. Ndugu makada, tudai kompyuta za umma na umeme huko huko vijijini, kabla maradhi mengine hayajazuka.