Kompyuta mpakato zenye nguvu ya grafiki: Joto na betri ndiyo gharama yake

MNUNUZI wa kompyuta mpakato huelezwa mambo mawili ya kuvutia anapofika dukani: kwamba mashine ina chipu ya grafiki yenye uwezo wa kuendesha michezo mikubwa na kuhariri filamu, na kwamba betri yake hudumu saa nyingi. Asichoelezwa ni kwamba sifa hizo mbili ni nadra kufanya kazi kwa pamoja. Mshika mawili, moja humponyoka.

Chipu ya grafiki ndiyo inayokokotoa nukta zote za picha zinazoonekana kwenye kioo. Kazi hiyo hufanywa na maelfu ya vikokotozi vidogo kwa wakati mmoja, na karibu umeme wote unaoingia humo hatimaye hugeuka kuwa joto. Chipu inayotumia wati 100 hutoa joto linalokaribiana na la balbu ya zamani ya wati 100, ila joto hilo hutoka katika kipande cha silikoni chenye ukubwa wa stempu ya posta.

Kompyuta ya mezani ina nafasi ya kutosha kwa feni kubwa. Ndani ya kompyuta mpakato, joto hulazimika kupita katika mirija myembamba ya shaba, kisha hupulizwa nje na feni ndogo kupitia matundu ya pembeni au ya nyuma. Matundu hayo yakizibwa na vumbi, au mashine ikiwekwa juu ya godoro, joto hukosa pa kutokea. Chipu inapokaribia nyuzi 90 hadi 100 za Sentigredi hupunguza kasi yenyewe ili isiungue, na mtumiaji huona mashine imekuwa nzito.

Hesabu ya betri

Kwa upande wa betri, hesabu ni rahisi. Kanuni za usafiri wa anga huruhusu abiria kubeba kompyuta yenye betri ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100 bila kuomba kibali cha shirika la ndege, hivyo watengenezaji wengi huishia hapo. Mashine ikitumia wati 10 kwa kazi ya kuandika barua, betri ya kiwango hicho hudumu saa 10.

Hata hivyo, chipu ya daraja la juu kama GeForce RTX 4090 ya kompyuta mpakato, iliyoingia sokoni mwaka 2023, inaweza kuvuta wati 150 peke yake. Kwa mwendo huo betri ingekauka katika dakika 40. Ndiyo maana mashine nyingi hukata uwezo wa chipu mara waya wa umeme unapochomolewa, na mchezo uliokuwa ukienda vizuri huanza kukwamakwama.

Aidha, joto lenyewe huzeesha betri. Betri ya lithiamu inayokaa imejaa muda wote katika mazingira ya joto kali hupoteza uwezo wake mapema kuliko ile inayotunzwa mahali penye ubaridi.

Somo la mwaka 2008

Hasara ya kupuuza joto ilidhihirika Julai 2008, wakati kampuni ya NVIDIA ya Marekani ilipotangaza kutenga Dola milioni 150 hadi 200 kugharamia chipu zake zilizokuwa zikiharibika ndani ya kompyuta mpakato. Kampuni hiyo ilieleza kuwa malighafi dhaifu zilizotumika katika kufungia chipu ndizo chanzo, huku muundo wa mashine na namna watu wanavyozitumia vikichangia.

Kitu hutanuka kinapopata joto na kusinyaa kinapopoa. Chipu ya grafiki hupitia mzunguko huo kila mashine inapowashwa, kufanyishwa kazi na kuzimwa. Baada ya muda, vishikizo vidogo vinavyoiunganisha na sehemu nyingine hupata nyufa, na kioo huonyesha picha zilizovurugika au hubaki cheusi.

Kampuni za Dell na HP zilitoa programu iliyofanya feni izunguke mara nyingi zaidi. Hatua hiyo ilipunguza uwezekano wa kuharibika, lakini haikuondoa kasoro. Oktoba mwaka huo, Apple nayo ilikubali kutengeneza bila malipo mashine za MacBook Pro zilizoathirika, miongoni mwa zile zilizoundwa kati ya Mei 2007 na Septemba 2008.

Binadamu naye hakusalimika. Oktoba 2010, jarida la kitabibu la Pediatrics lilichapisha taarifa ya mtoto wa miaka 12 nchini Uswisi aliyepata mabaka kwenye paja la kushoto baada ya kucheza michezo ya kompyuta kwa miezi kadhaa, saa chache kila siku, mashine ikiwa mapajani.

Nafuu iliyopatikana

Tangu wakati huo mafundi wamepiga hatua. Mwaka 2010 NVIDIA ilileta teknolojia ya Optimus, inayoilaza chipu kubwa na kuiachia chipu ndogo kazi nyepesi. Mwaka 2017 ikafuata Max-Q, inayoendesha chipu chini kidogo ya kasi yake ya juu. Kasi inapopungua, volti nazo huweza kushushwa, na matumizi ya umeme hufuata kipeo cha pili cha volti. Kwa sababu hiyo, kupunguza kasi kidogo huokoa umeme mwingi.

Kwa mnunuzi, jina la chipu pekee halitoshi. GeForce RTX 4060 ya kompyuta mpakato, kwa mfano, huweza kuwekewa kikomo cha chini cha wati 35 au cha juu cha wati 115, kutegemea mtengenezaji wa mashine. Kompyuta mbili zenye jina moja la chipu zinaweza kutofautiana sana kwa kasi, joto na kelele ya feni. Swali la kumuuliza muuzaji ni chipu hiyo imeruhusiwa wati ngapi, na betri ina wati-saa ngapi.

Baada ya kununua, matunzo ni machache: kuiweka mashine juu ya meza ngumu, kusafisha matundu ya hewa, na kutumia waya wa umeme wakati wa kazi nzito. Kwa wakazi wa miji yenye joto na vumbi, matunzo hayo ndiyo yanayoweza kuamua iwapo mashine itadumu miaka mitano au miwili.