Je, Wajua? Gisenyi, Pwani ya Nchi Isiyo na Bahari

Rwanda haina bahari, lakini ina mji wa pwani. Ukishuka kutoka Busasamana, kaskazini mwa Wilaya ya Rubavu, safari yako huishia Ziwa Kivu, Gisenyi. Sehemu kongwe ya mji ipo kando ya maji: barabara ya mitende, nyumba za enzi za ukoloni, kisha mpaka wa Goma, Kongo. Itembee kwa miguu. Je, wajua kwamba:

• Wajerumani waliliandika jina la mji huu “Kissenji”? Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alifika Ziwa Kivu mwaka 1894. Meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, Liemba, hapo mwanzo iliitwa kwa jina la Götzen.

• Mpaka unaotenganisha Gisenyi na Goma ulikubaliwa Brussels mwaka 1910, baina ya Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza? Leo miji hiyo imegusana, na akina mama wachuuzi huvuka kwa miguu wakiwa na mizigo kichwani.

• Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Ubelgiji yaliuteka mji huu kutoka kwa Wajerumani?

• Ziwa lenyewe lina nishati? Chini kabisa, kwenye kina kinachokaribia mita 480, maji yamebeba gesi ya methani. Tangu mwaka 1963, gesi iliyovunwa Rubona ilichemshia mitambo ya kiwanda cha bia cha Bralirwa.

• Sambaza, samaki wadogo ambao ni kitoweo kinachopendwa hapa, ni wageni? Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wavuvi huwafuata usiku kwa taa, wakiwa katika mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu.

• Mlima Nyiragongo ulipolipuka Mei 2021, maelfu ya watu wa Goma walikimbilia upande huu, na matetemeko yaliyofuata yakapasua kuta za nyumba za Rubavu? Kila jengo la zamani lililosimama bado linastahili kutunzwa.

• Kiswahili kilifika huku kwa vinywa vya wafanyabiashara na askari, na mwaka 2017 Bunge la Rwanda likakifanya lugha rasmi? Bendera za Mjerumani na Mbelgiji zilishushwa zamani. Lugha ya wachuuzi imebaki sokoni, na ukimsalimu mama muuza sambaza kwa Kiswahili, ataitikia.