Baiskeli ya Busia na cheti cha mpakani

Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, watalii hulipa nauli wapande gari la farasi na kupita taratibu katikati ya mashamba ya Waamishi, waumini walioshika desturi ya kutomiliki magari. Busia nako kuna safari ya taratibu. Abiria wake ni mama mwenye trei za mayai au mzee mwenye gunia la maharagwe, na chombo ni baiskeli.

Baiskeli hiyo ndiyo iliyozaa jina boda boda. Tangu miaka ya 1960 waendeshaji walivusha watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, mwendo wa zaidi ya nusu maili ambao gari halikupita bila karatasi zake. Waliita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, kwa matamshi ya hapa: "Boda! Boda!" Jina likaenea hadi Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, likahamia kwenye pikipiki.

Leo anayekwenda mbali, kuelekea mashamba ya mihogo na mahindi ya upande wa Tororo, hupanda pikipiki. Baiskeli imebaki na safari fupi na mzigo mdogo. Haili petroli, na hupenya kijia chochote.

Hapo ndipo penye mtego. Vijia vingine ni njia za panya, na anayekamatwa huko hupoteza mzigo kwa kukwepa ushuru ambao pengine hakudaiwa. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupewa cheti rahisi cha asili papo hapo mpakani na hazitozwi ushuru wa forodha. Kodi nyingine na vibali vya afya ya mazao vinabaki, hivyo ni vyema kuuliza kabla ya kufunga mzigo kwenye keria.

Kituo cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa rasmi Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, kimewaweka maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Foleni ya cheti hula muda, lakini gunia likitwaliwa, limekwenda na mtaji.