Nasuri Iliyoonekana Pichani kwa Bahati: Je, Itibiwe?

Mtu aumwaye nyonga apigwa picha kwa mashine itumiayo sumaku na mawimbi ya redio. Majibu yanapotoka, nyonga haina kasoro. Lakini kando ya njia ya haja kubwa umeonekana mfereji mwembamba ambao mwenyewe hakuujua. Mfereji huo huitwa nasuri, au fistula. Je, apasuliwe?

Yafaa kwanza tufahamu maumbile ya sehemu hiyo. Njia ya haja kubwa imezungukwa na misuli miwili ya mviringo: wa ndani hujibana pasipo hiari yetu, na wa nje twautawala wenyewe. Baina yake mna tezi ndogo. Tezi ikiziba na kuingiwa na vijidudu hufanya jipu. Jipu likipasuka huweza kuacha mfereji utokao ndani hadi kwenye ngozi. Mwaka 1976 daktari mpasuaji Alan Parks na wenzake, huko London, waliainisha nasuri katika aina 4, kwa kufuata jinsi mfereji unavyoipita misuli hiyo.

Hapo ndipo ilipo hatari ya kisu. Kuupasua mfereji mara nyingi ni kukata pia sehemu ya misuli, na ikikatwa kupita kiasi mgonjwa hushindwa kuzuia haja. Kwa hiyo nasuri isiyouma wala kutoa usaha kwa kawaida haipasuliwi, bali huangaliwa. Kadhalika bawasiri: hutokana na vifundo vya mishipa ya damu ambavyo kila mtu anavyo, na isiposumbua haihitaji tiba.

Hata hivyo, kutotibu si kutochunguza. Daktari hana budi kuuliza juu ya damu, usaha, kukonda na kuharisha kwa muda mrefu, kwani nasuri huweza kuletwa na kifua kikuu au ugonjwa wa Crohn. Kisha hupima kwa kidole na kwa mrija wenye taa. Ukuta ulioonekana mnene pichani waweza kuwa msuli uliojibana tu. Waweza pia kuwa saratani, ambayo huthibitishwa kwa kukata kipande kidogo cha nyama na kukitazama kwa hadubini. Jipu nalo halingoji. Hupasuliwa mapema ili usaha utoke.

Wengi huona haya kupimwa sehemu hii, wakaridhika na picha. Lakini picha huonyesha umbo tu. Ugonjwa hutambuliwa kwa kumwuliza na kumpima mgonjwa mwenyewe.