Mkonge, mama anayechanua mara moja tu

Mzazi, siku ukipita kwenye maduka ya kamba Kariakoo, muulize mwanao ile kamba ya katani inayokwaruza vidole imetoka wapi. Binti yangu wa miaka tisa alinijibu bila kusita: "Kiwandani." Hakukosea sana, lakini nikajua nina kazi.

Likizo iliyopita tulipanda basi kwenda Korogwe kumwona bibi yake. Tulipofika kwenye mashamba ya mkonge akauliza, "Baba, ile minara ni ya simu?"

Ilikuwa milingoti ya mkonge. Nikamweleza kwamba mkonge hukaa miaka saba, kumi au zaidi ukitoa majani tu, huku ukiweka akiba ya chakula shinani. Ukikomaa, katikati huchomoza mlingoti unaoweza kufika mita sita, wenye maua ya rangi ya manjano na kijani. Akiba yote huishia hapo. Mkonge ukishachanua mara hiyo moja, hukauka na kufa.

Binti akanyamaza. Babu yake tulimzika mwaka jana. Kisha akasema, "Si bora usichanue?"

Nikamwambia atazame vizuri ule mlingoti. Maua ya mkonge kwa kawaida hayatoi mbegu. Yakipukutika, palepale huchipua vimiche vidogo vyenye majani, vikakua vikiwa bado juu kwa mama yao. Mlingoti mmoja hubeba mamia. Vikianguka chini, hushika udongo na kuanza maisha. Hata kabla ya kuchanua, mkonge hutoa maotea kutoka kwenye mashina yaliyo ardhini. Watoto wote hao ni nakala ya mama.

Ndivyo mkonge ulivyofika kwetu. Mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vimiche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Vilivyofika vikiwa hai ni 62 tu, vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na mwanzo huo mdogo mashamba yalienea, na mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha takriban tani 230,000 za katani.

Binti akaanza kuhesabu kwa vidole wajukuu wa babu yake. Alifika kumi na tisa, akakumbuka kwamba amewasahau wa Morogoro. Hakuuliza tena kuhusu kufa.

Bibi alitupa kimiche kimoja. Tumekipanda kwenye ndoo kuukuu yenye matundu chini, tukaiweka kibarazani kwetu Kariakoo panapopiga jua. Hakihitaji maji mengi. Yakituama, mizizi huoza. Ukitaka kujaribu na wanao, kumbuka mambo mawili. Ncha ya jani huchoma kama sindano, kwa hiyo weka ndoo mahali ambapo mtoto mdogo hafiki. Utomvu wake nao huwasha. Ukigusa ngozi, osha kwa maji na sabuni.

Kila asubuhi kabla ya shule binti hukitazama. Juzi aliniuliza kitachanua lini. Nikamjibu, labda akiwa amemaliza sekondari.

"Basi tusihame," akasema.